Chupa ya damu ya ndama

Shoga, nimejifungia chooni kazini. Hasira zimenifika hapa!

Unazijua zile seli zangu za ini. Miezi minne nazimwagia asidi ya nyongo, nione kama homoni ya kike inazidisha madhara. Kundi moja naliwekea homoni, jingine siliwekei. SILIWEKEI, shoga!

Leo nikasimama mbele ya wakubwa wote, kifua mbele: "Makundi yote yamekufa sawa. Homoni haihusiki."

Mama wa stoo, aliyekuja kuleta glavu tu, akaniuliza: "Mwanangu, ile damu ya ndama iliyochujwa homoni, mbona hujarudi kuchukua chupa nyingine?"

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Maana seli zote nazilisha majimaji ya damu ya ndama. Ya chupa za kawaida, yasiyochujwa. Yamejaa homoni hiyo hiyo! Miezi minne nalinganisha homoni na homoni!

Bosi kavua miwani tu. Bora angenitukana.

Kabla ya kuja huku nimepita kwenye friji. Ile iliyochujwa ipo, haijafunguliwa. Nilikuwa naibania isiishe, shoga! Na juu yake kuna karatasi, mwandiko wangu mwenyewe: "MSIGUSE."