Ili Baba Alale Pakavu

Shikamoo Mama.

Siwezi kukuletea habari za nyumba yako kabla sijakuamkia. Ulinilea hivyo, na kuondoka kwako hakujanitoa adabu. Habari zenyewe ni nyingi, na nyingine zitakufanya ushike kiuno ucheke, kwa sababu mwanao uliyekuwa ukimwita fundi wa mdomo sasa ni fundi wa paa. Ndiyo, mimi. Usigune.

Mambo yalianza baada ya hitima yako. Watu walipokwisha kuondoka, Kaka Salim alitukalisha barazani, mimi na Baba, akasema Baba ahamie kwake Ukunda, kwenye zile nyumba za ghorofa alikopanga tangu apate kazi ya ulinzi hotelini. Alisema mtu asiyeona hawezi kukaa kwenye nyumba ya udongo na makuti ambayo mwenye kuitunza amefariki. Alisema kwa mapenzi, sitamsingizia. Lakini nilimtazama Baba, nikaona ameweka kiganja ukutani na anapapasa taratibu kama mtu anayeaga. Nikaropoka. Nikasema naacha kutandika vitanda vya wageni huko Diani, narudi Msambweni, na paa nitalitunza mwenyewe. Kaka akacheka. Halafu akaacha kucheka, akatoa sharti lake: masika ikimkuta Baba analala pakavu, abaki. Tone likimwangukia kitandani, anakuja na tuktuk siku hiyo hiyo kumchukua.

Hukuwahi kufika kwenye ghorofa ya Kaka, kwa hivyo nikuambie: kuta zake ni laini kama sahani. Baba angeshika nini pale? Hapa nyumbani anakwenda kama mwenye macho, na ni kwa sababu yako. Macho yalipomzimikia, hukukaa ukalia. Ulichanganya udongo mwekundu na mchanga wa mtoni, ukaukanda kwa miguu, ukakandika upya ukuta wote wa ndani, na kabla haujakauka ukapitisha kidole gumba kutoka kitandani hadi mlango wa uani, usawa wa mkono wa Baba. Penye kona ukapachika simbi moja, kombe dogo la baharini, penye mlango simbi mbili. Uani ukafunga kamba mpaka chooni. Nimefanya kazi kwenye hoteli ambazo wageni wanazisifu kwa kila kitu, Mama, na sijaona chumba kilichotengenezwa kwa kumfikiria mtu kiasi kile.

Na paa ulipanda mwenyewe. Huku kwetu mwanamke hushona makuti, mwanamume huyapandisha, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ulipochoka na yule fundi wa kusema kesho kila siku, ulivaa suruali kuukuu ya Baba, ukajifunga leso juu yake, ukashika ngazi. Jirani yetu Bi Mwanakombo alitoka nje akajishika mdomo: "Mwenzangu, utaonekanaje huko juu?" Nawe ukamjibu bila kugeuka, "Nitaonekana naezeka." Mpaka leo anaisimulia. Zamani alikuwa akiisimulia kukusema, siku hizi anakusifu, na mimi humwacha aseme.

Sasa nikueleze tulivyoiharibu nyumba yako kwa nia njema.

Kaka alileta jiko la gesi ili nisiumie macho kwa moshi. Nilifurahi mno, nikayatupa mafiga nje, nikawa napika nimevaa nguo nzuri. Haikupita miezi mingi, makuti ya upande wa jikoni yakaanza kudondosha unga unga kwenye wali wa Baba. Baba anatafuna, anatulia, anauliza, "Mwanaisha, hii ni nazi ya wapi?" Ni wadudu, Mama! Wewe ulipika kwa kuni miaka yote, moshi ukapanda ukayapaka makuti weusi, na wadudu hawakupata pa kukaa. Sote tulikuwa tukikuonea huruma kwa ule moshi, kumbe ndio uliokuwa dawa ya paa. Nimeyarudisha mafiga. Gesi ni ya chai tu. Siku moja moja nafukiza makumbi mabichi ya nazi, Baba nimemtoa nje na ndoo ya maji iko karibu, maana makuti na moto havichezewi.

Kosa lililofuata ni la Kaka peke yake, na ninalisimulia kwa raha. Aliona ukuta wa mbele haupendezi, akanunua saruji, na mchanga akauzoa ufuoni kwa kuwa uko karibu na ni mweupe. Akapiga lipu juu ya udongo. Kwa muda tulikuwa na nyumba kama zile za Diani. Majirani walipita polepole ili waione vizuri. Vuli ilipoingia, ile chumvi ya mchanga ikaanza kutoa jasho, lipu ikavimba, ukiigonga inalia kama debe tupu. Asubuhi moja yote ikamwagika chini kwa kishindo. Mbuzi wa Bi Mwanakombo aliyekuwa amelala kivulini alikimbia mpaka barabarani, na tangu siku hiyo hapiti kwetu. Na Kaka alikuwa ameshapanga kuingia ndani apige lipu hadi chumbani! Nilisimama mbele ya ule mstari wa kidole chako, nikatanua mikono, nikamwambia aanze na mimi.

Ukuta wa mbele nimeukandika kwa udongo kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Naulowesha kwanza, naweka tabaka jembamba, naliacha lipasuke litakavyo, ndipo naziba nyufa kwa tabaka la pili. Haujanyooka. Lakini umeshika.

Aibu yangu mimi iko juu ya paa. Siku ya kwanza nilipanda nikiwa na maneno mengi kuliko kamba, Bi Mwanakombo akinitazama kutoka chini, nami nikataka aone mambo. Nikakanyaga ufito badala ya boriti. Ufito ukavunjika, mguu ukapita kwenye makuti, ukaning'inia sebuleni pale Baba alipokuwa akisikiliza redio. Akanyosha mkono, akaupapasa kuanzia kisigino, akasema kwa utulivu, "Huyu si mamako. Mamako hakanyagi fito."

Nilicheka nikiwa nimekwama pale juu, nusu nje nusu ndani. Halafu nikalia, kwa sababu alisema kana kwamba umekwenda sokoni na utarudi. Nakukumbuka, Mama. Nakukumbuka kwa akili na kwa mikono pia, maana kila ninachoshika kwenye nyumba hii kinanionyesha kuwa ulikishika kabla yangu, na ulikishika vizuri zaidi.

Nikaziba matundu. Kila palipovuja nikalaza kuti jipya juu, nikafunga, nikashuka nikijisifu. Manyunyu ya kwanza yakaja, pakavuja vile vile, na safari hii karibu na mto wa Baba. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Jambo hili sikumwambia Kaka, lakini wewe nakuambia: tangu uondoke, mvua ikinyesha Baba halali. Anakaa ukingoni mwa kitanda, kiganja kimefunguka juu ya godoro, anasubiri tone. Ukimwambia alale, anasema hana usingizi.

Nilikaa nikajiuliza, Mama alikuwa akifanyaje? Nikakumbuka ulivyokuwa ukituingiza ndani wakati wa jua kali, ukafunga mlango na madirisha, ukatuamuru tutazame juu. Mimi na Kaka tulidhani ni mchezo. Kila penye mwanga pana tundu, na kwenye kila tundu ulichomeka njiti ya ufagio mpaka itokeze nje. Ukipanda, hutafuti, unafuata njiti. Nikafanya hivyo. Chumba chenu kilikuwa na matundu mengi kuliko nilivyodhani, na hakuna hata moja lililokuwa pale nilipokuwa nimeziba. Na nilipofunua ulipoezeka wewe nikaona: kuti jipya hukuwa ukiliweka juu tu. Ulilisukuma chini ya lile la juu yake, likalalia lile la chini yake, maji yakawa yanashuka kwa ngazi mpaka nje. Hakuna aliyekufundisha. Ulikaa juu ya lile paa ukafikiri, basi. Nilibaki pale na kuti mkononi, nikasema peke yangu, "Mama, wewe!" Bi Mwanakombo akauliza naongea na nani.

Chumba chenu nilikirudia chote kwa njia yako. Sebule sikuwahi kuifikia.

Juzi mvua yenyewe ikaja, baada tu ya chakula cha mchana. Siyo manyunyu. Uani kuligeuka mto, na radi zikapiga mpaka sahani zikalia kabatini. Kaka aliona lile wingu kutoka Ukunda, akapanda tuktuk, akaja. Aliingia amelowa chapachapa, na mkononi ana mfuko wa kutilia nguo za Baba. Sebuleni palikuwa panavuja, sikufichi. Nilikuwa nimetega masufuria mawili, na la tatu nalitafuta. Akayatazama, akanitazama mimi. Sikubishana naye. Nilimnyoshea kidole kile chumba.

Aliingia akapiga magoti kando ya kitanda. Akapitisha mkono kwenye godoro, kichwani, miguuni, ukutani, akautia hata chini ya mto. Akapitisha tena. Kisha akauweka ule mfuko chini, akakaa sakafuni pale pale, maji yakimtiririka, na sote wawili tukawa tunamsikiliza Baba akikoroma. Mvua ilipiga mpaka ikachoka.

Ilipokatika, Kaka alitoka akamwambia yule wa tuktuk aende zake. Aliporudi, Baba alikuwa anajinyosha. Akapapasa, akakutana na bega la Kaka, akashangaa.

"Salim? Mbona umelowa hivi? Kwani mvua imenyesha?"

Basi Mama, nakuaga. Mola akurehemu na akupe nyumba njema kuliko hii, ingawa sijui ni nani atakayeitunza huko nawe usimpokonye kazi ufanye mwenyewe. Sebule naianza wiki hii, na Kaka atashika ngazi. Ahadi yangu kwako ni moja: mvua ikinyesha, Baba atalala. Lala nawe.

Mwanao,
Mwanaisha