Mistari Mitatu ya Kuaga

Kaka Osmund,

Najua barua hii haina posta ya kuifikisha. Naiandika hivyo hivyo, hapa Mbinga, kwenye meza yako katika ofisi ya kununulia kahawa. Kiti chako nimekisogeza ukutani. Nimeshindwa kukikalia, na sitaki mwingine akikalie.

Kile kipimo cha unyevu wa kahawa bado kinakataa mfumo mpya. Kinaelewana na ile kompyuta ya zamani tu, uliyoiweka kama programu ndani ya kompyuta kubwa. Watu wakiniuliza nawaeleza ulivyonieleza: ni kompyuta mbili katika kasha moja, ya ndani mgeni, ya nje mwenyeji, na mgeni ana mlango mmoja tu wa kupeleka habari. Nilidhani mlango ule ni wa wakubwa wa mfumo. Ukacheka. "Sinta, hata programu ndogo isiyo na cheo inaruhusiwa kupiga hodi. Cha muhimu adabu." Piga hodi, taja urefu wa ujumbe, utoe, pokea jibu, kisha aga. "Mtu hatoki nyumba ya watu bila kuaga."

Nami nikatoka bila kuaga.

Jumamosi ile ulinisahihisha mbele ya makarani, wakacheka, nikakuita mjivuni. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Jumatatu nikaambiwa umepelekwa kwenu Chiwanda, ziwani, una homa. Nikasema nitakwenda Jumapili, hasira ipoe kwanza. Hasira gani, kaka! Nilifika kule ziwani udongo wa kaburi lako bado mbichi. Mama yako alinishika mikono. "Pole mwanangu, umemkosa." Sikuwa na uso wa kumweleza.

Ni upweke mtupu. Makarani wanaongea nami habari za kazi tu. Chai ya saa nne natoa vikombe viwili, halafu nakumbuka, narudisha kimoja.

Juzi msimu ulifunguliwa. Watu wa Matiri walipanga magunia hadi barazani. Machache ya kwanza yalipita vizuri, kisha kimya. Kompyuta ya ndani inapima, ya nje haipati kitu. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, ukungu unashuka. Kahawa yetu itarudi kulowa." Nikasoma programu mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa langu. Jumamosi ile, kabla sijaondoka, niliandika upya programu yako, nikafuta mistari yako mitatu ya mwisho ili yangu ionekane fupi kuliko yako. Ndiyo mistari ya kuaga. Kila ujumbe ulifungua njia ukaiacha wazi, mpaka njia zote zikashikwa, na aliyepiga hodi hakujibiwa tena.

Nililia pale pale mbele ya makarani, sikujali.

Nimeirudisha mistari yako kama ulivyoiandika. Magunia yote yalipimwa, ukungu ukiwa bado mlimani. Watu walipotawanyika nikatuma ujumbe mmoja usio wa kahawa: Nisamehe, Kaka Osmund. Jibu likaja lile la siku zote, namba 1, maana yake ujumbe umepokelewa. Najua ni mashine. Nimelishika hivyo hivyo.

Kesho anakuja binti mmoja kutoka Mkumbi nimfundishe kazi. Kiti chako nitakirudisha mezani, akikalie yeye. Nakuahidi, nitamfundisha kuaga kabla sijamfundisha kupiga hodi.

Basi naomba ruhusa, kaka. Usinisindikize. Njia naijua, ulinionyesha mwenyewe.

Mdogo wako,
Sinta