Ngao ya Muungwana

Jumanne, 4 Novemba

Vikombe kumi na viwili tangu asubuhi. Shule moja, siku ya wazazi. Wa kwanza kuruka, wa kwanza kuimba, wa kwanza kuwahi. Kimoja ni cha "Mwenye Bidii". Hicho hupewa mtoto ambaye hakuna alichoshinda. Nimekichonga kwa upendo kuliko vyote.

Miaka kumi na tisa kwenye meza hii, River Road, ghorofa ya pili, juu ya muuza mabomba. Nimechonga majina ya nusu ya Nairobi. Langu, hata mara moja. Sijali.

Najali.

Jumatano, 5 Novemba

Mazoezi. Mvua. Nina miaka arobaini na tatu na bado ni golikipa. Magoti yanalia kama bawaba. Huu ni msimu wangu wa mwisho. Nimewaambia wote, mara tatu, wasije wakasema hawakujua.

Wanabishana nani atachukua ngao ya Mchezaji Bora na Muungwana, ile ninayoichonga jina la mshindi kila mwaka. Sisi wenyewe hatupigi kura. Tunajuana mno. Kila mechi nahodha wa wapinzani huandika jina la mmoja wetu kwenye kikaratasi. Huandika wakati wa mapumziko. Zamani waliandika mechi ikiisha, na waliofungwa waliandika matusi. Mwaka mmoja mbwa wa uwanjani alipata kura mbili. Vikaratasi hukaa kwenye mkebe wa majani chai wa katibu wetu, Mama Shiro, mwalimu mstaafu wa hesabu, mpaka msimu uishe.

Wanasema ni mimi au Mutua. Mutua anacheza kiungo, ofisi yake iko Hurlingham, hata jezi anapiga pasi. Hajawahi kuonyeshwa kadi. Akimkanyaga mtu anasema "pole" kabla mwenyewe hajasikia uchungu. Simpendi. Hajanikosea kitu, na hilo ndilo linaniudhi.

Ijumaa, 7 Novemba

Silali vizuri. Kwa sababu ya ngao ya mbao. Mtu mzima.

Jumapili, 9 Novemba

Mechi ya mwisho, Parklands. Tumeshinda moja bila. Niandike yote, hakuna atakayesoma.

Kipindi cha kwanza mpira ulinigusa kidole ukatoka nje. Refa hakuona. Nikamwambia, "Ni kona, refa. Imenigusa." Watu wakapiga makofi. Ni kweli ilinigusa. Ni kweli pia kwamba nahodha wao, Salim, alikuwa ananitazama. Wakati wa mapumziko nilimwona akiandika, chungwa mdomoni.

Dakika kumi zimebaki. Salim akapiga kichwa. Niliudaka, lakini nilikuwa nimeshateleza nao ndani. Chokaa ya mstari ilikuwa imeliwa na mvua. Refa alikuwa mbali, na ligi yetu haina washika vibendera. Akaja akihema, akaniuliza mimi.

"Fundi, wewe huwa husemi uongo. Imeingia?"

"Haijaingia, refa."

Wachezaji wa Parklands walipiga kelele. Refa akawaambia, "Nyamazeni, huyu namjua."

Alama ya mpira ilikuwa matopeni, mviringo kamili, hatua nzima nyuma ya milingoti. Nikaikanyaga. Mutua alikuwa kando ya mlingoti. Alitazama buti langu.

"Pole, Fundi," akasema.

Pole ya nini?

Jumatatu, 10 Novemba

Pole ya nini.

Alhamisi, 13 Novemba

Mama Shiro amepanda ngazi zote mwenyewe, na karatasi mkononi. Akakaa kwanza, akapumua.

"Kumi zako, tisa za Mutua. Karatasi ya Parklands ndiyo imekuvusha. Sasa jichonge vizuri, na uchelewe kama kawaida yako uone."

Sikuchelewa. Nimechonga kibati cha shaba cha ngao kabla ya chakula cha mchana. NJUGUNA. Sijawahi kukata herufi kama hizo. G peke yake ingenipatia kazi Ulaya.

Chapati imenishinda.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemtumia Salim ujumbe: Iliingia.

Amejibu: Tunajua. Hatukuhitaji darubini.

Halafu ukafuata mwingine: Kura yangu ilikuwa ya ile kona. Ningejua ningesubiri.

Nikampigia Mama Shiro, nikamweleza yote, hata buti.

"Mimi nahesabu karatasi, Njuguna. Roho ni hesabu yako. Kibati unacho wewe."

Nilitaka anipigie kelele. Kelele ingenisaidia.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimechukua kibati kingine. MUTUA. Nimemkatia herufi za kawaida, za milango ya choo. Nikaziangalia. Nikaona aibu, nikachukua cha tatu nikaanza upya. Saa tatu nzima kwa herufi tano. M imetoka vizuri. Inaniuma ilivyotoka vizuri.

Nimekigongelea kwenye ngao.

Jumapili, 16 Novemba

Chakula cha klabu, ukumbi wa Hurlingham, mchana. Mbuzi mgumu, hotuba ndefu. Mama Shiro akavaa miwani, akashika ngao. Karatasi yake ilikuwa kwenye mkoba, hakuitoa. Akasoma kilichochongwa.

"Mutua."

Makofi. Beki wetu wa kushoto akanipiga bega. "Fundi, wamekukula mchana kweupe!"

"Nao wamekula vizuri," nikasema. Wakacheka.

Mutua akaja na ngao mpaka mezani kwangu. Nikajua atasema pole. Nilikuwa nimejitayarisha.

"Asante," akasema.

Akavuta kiti, akakaa, akanisogezea kachumbari. Ana mikono midogo, sikuwa nimeiona. Anakula taratibu, kama mtu anayejaza fomu.

Jumanne, 18 Novemba

Wakili mmoja wa Hurlingham anataka kibati cha mlangoni: BONYEZA KENGELE MARA MOJA. Shaba imeisha hadi kesho. Nikafungua droo. Kile cha Alhamisi kilikuwa humo. Nyuma yake ni laini, safi kabisa.

Nikakigeuza, nikachonga.

Mchana nimekwenda kukifunga mwenyewe. Skrubu nne, nimezikaza mpaka mwisho. NJUGUNA imeangalia ukuta.

Nimebonyeza kengele kujaribu. Mara moja. Inalia.