Chini ya Paneli

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amekuja. Amenisikiliza kifua, amenibonyeza miguu. Kidole kikiondoka, kishimo kinabaki. Amesema moyo umechoka. Nikamwuliza umechoka namna gani—kama mkanda uliolegea au kama mota iliyoungua? Akacheka, akafunga mkoba wake. Mkanda hukazwa. Mota hutupwa. Nimeelewa.

Dada yangu, mdogo wangu huyu anayeniuguza na ambaye hajanitii tangu tukiwa watoto, amesema niache kuwahoji watu kama niko kiwandani.

Mchana akapita binti yangu. Kaniwekea mapajani kipande cha paneli yake mpya ya kuchekechea kokoto. Mpira mzito, umebanwa vizuri, hauna hata kipovu. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, nilivyomfundisha alipokuwa mhandisi mchanga. Ulitoa mlio mfupi, mkavu. Safi. Matundu yanapanuka kuelekea chini, ili jiwe likishapita mdomoni lisikwame kooni. Hilo ni langu. Mengine yote ni yake, na ni mazuri kuliko yangu.

"Hii haifunguliwi, Baba," kaniambia. "Kingo zinagandishwa palepale. Hakuna pini, hakuna upenyo. Miaka mitano haiguswi na mtu."

Nikasema hongera. Ndilo neno lililotoka.

Wiki ijayo zinafungwa kwenye chekeche kubwa la machimboni, Ijumaa zinawashwa. Wamezipa jina langu la kazini: Bwana Tundu. Ndivyo mafundi walivyoniita. Sikukasirika kamwe. Nimetengeneza matundu maisha yangu yote. Mpira ulikuwa wa kuyashika tu yasitoroke.

Hongera! Na mengine niliyapeleka wapi?

Jumanne, 4 Machi

Naandika ili ulimi uzoee. Kusema bado siwezi.

Jumatano, 5 Machi

Leo dada yangu kanigeuza ubavu, kwa amri ya muuguzi. Kuna kidonda nyongani. Sikukijua. Juu ngozi nzima, pembeni imekuwa nyeusi, ndani laini kama embe bovu. Akaniuliza mbona sikusema. Nikamwambia hapaumi. Akasema hapaumi kwa kuwa pameshakufa, na kwamba yeye ndiye mjinga, alikuwa ananifunika shuka vizuri na kuridhika.

Haya. Niandike basi.

Zamani, chekeche la kokoto lilikuwa na wavu wa chuma. Mashine inatetemeka, mawe yanaruka, madogo yanapita, makubwa yanasonga mbele. Wavu ulikatika baada ya wiki chache. Kila ulipokatika fundi alipanda, akang'oa wavu mzima, akaona mihimili iliyo chini yake. Akiona ufa, analehemu. Hakuna aliyeita jambo hilo ukaguzi. Ilikuwa ni kubadilisha wavu tu.

Nikaja mimi na mpira. Paneli zangu zililaliana midomo kama vigae, ili maji ya tope yasipenye. Pini zake zilikaza mno. Ukiing'oa moja, unalegeza mstari mzima, na pini ikirudishwa haikazi kama mwanzo. Kwa hiyo nikamwambia fundi, nikiwa nimesimama chini ya ngazi naye yuko juu: usizifungue hizi mpaka nitakapokuambia. Nilitaka nione zitadumu kiasi gani. Nilitaka rekodi.

Zilidumu. Mwaka ukapita, na wa pili. Wageni wakaja kuzitazama. Mimi sikumwambia fundi neno.

Maji yalipenya, bila shaka. Maji hupenya. Tope likakaa juu ya mhimili, kutu ikala, ufa ukatembea. Juu, mpira unang'aa. Asubuhi moja mhimili ukakatika, sakafu ya juu ya chekeche ikaangukia ile ya chini. Mhudumu wa zamu alikuwa ameinama kwenye mfereji ulio chini yake anazibua kokoto. Kijana wa watu. Hakutoka.

Mkono umechoka.

Alhamisi, 6 Machi

Naendelea, maana nimeacha penye ubaya zaidi.

Kikao kilikuwa ofisini kwa meneja. Mmoja wa waliochunguza ajali akaniuliza: je, fundi alikatazwa kufungua paneli? Nikajibu: fundi hakatazwi kutazama mashine yake. Sentensi nzuri. Haina neno hata moja la uongo ndani yake, na yote ni uongo. Nilikuwa msomi, nilijua kupanga maneno.

Fundi alikaa kwenye benchi nje ya mlango. Walipomwita, aliulizwa kwa nini hakukagua. Akasema hana la kusema. Wakamfukuza kazi.

Na mwezi uliofuata meneja akawaonyesha wanunuzi paneli ileile iliyofukuliwa kwenye ajali. Mhimili umekatika, jamani, na paneli haina hata mkwaruzo! Wakaipitisha mkono kwa mkono. Nami nilikuwepo. Nilitabasamu.

Kizuri chajiuza. Ndiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ni siku ya Spana. Spana ndiye yule fundi. Tangu niugue huja kila Ijumaa kuninyoa ndevu. Sikumwomba. Alikuja mara ya kwanza na beseni lake na wembe wake, akasema hawezi kuacha mzee azikwe akiwa na sura ya mbuzi.

Ana mzaha mwingi. Leo kasema shavu langu limebonyea, linahitaji kujazwa lehemu. Dada yangu akamwambia ajaze kwanza fizi zake mwenyewe. Wanapendana hawa kwa kutukanana.

Binti yangu aliingia akamkuta. "Shikamoo, fundi." Akaitikiwa. Akaweka dawa mezani, akaondoka. Hukaa naye chumba kimoja kwa muda wa salamu tu. Kwake yeye huyu ni mtu ambaye uzembe wake uliua. Nani alimfundisha hivyo? Anayenyolewa.

Sikusema kitu. Wembe ulikuwa kooni—si kisingizio kibaya.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimejaribu.

Binti yangu alikaa kitandani, amefurahi, miguu kaikunja kama zamani. Nikamwuliza: mhimili utauonaje, ikiwa paneli haifunguki? Nikadhani nimeuliza kwa ujanja.

Akanieleza kuhusu kifaa kinachopima mtetemo. Mashine ikitetemeka vibaya, kinapiga kelele. Nikamwambia ufa mdogo hautetemeshi kitu, kelele itakuja ufa ukishamaliza kazi. Akanishika mkono. Mkono wake una joto, wangu kama wa chura.

"Baba, ile ajali haikutokana na paneli. Ilitokana na mtu. Ulisema mwenyewe. Mimi nimemtoa mtu. Hii nimeibuni ili asitokee Spana mwingine."

Ameisema kwa upendo! Amenijengea zawadi. Uongo wangu kauchukua akaufanya msingi, akapiga hesabu juu yake, hesabu zote sahihi.

Nikasema nimechoka. Akanifunika shuka, vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetapika. Dada yangu kasema ni dawa. Kidonda kinanuka kidogo. Anakisafisha na kunisimulia habari za majirani nisisikie harufu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa nikidhani methali hiyo inahusu maradhi.

Siogopi kufa na siri. Wangapi wamezikwa na zao. Naogopa Ijumaa. Mhudumu mwingine atainama kwenye mfereji, si mwaka huu, labda si mwaka ujao. Mimi nitakuwa nimeshakuwa picha ukutani. Na atakayekaa kwenye benchi nje ya mlango atakuwa mwanangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwita Spana. Si siku yake. Alikuja na beseni hata hivyo, akasema mtu akiitwa na mgonjwa aje na kazi, asije na mikono mitupu.

Nilisubiri dada yangu atoke. Nikamwambia: siku ile kwenye ngazi, nilikukataza. Na kwenye kikao nikakukana.

Aliendelea kupaka sabuni. Alipaka shavu moja, akahamia la pili. Nikadhani hakusikia, maana masikio yake aliyaacha kule kwenye mashine.

"Nakumbuka," akasema. "Ulivaa shati jeupe. Nikajiuliza nani anakuja kwenye tope na shati jeupe."

Nikamwuliza kwa nini hakusema mbele yao. Miaka yote hii nimeamini kwamba alisahau, au kwamba aliniogopa, au kwamba alinihurumia. Nimeishi kwa kuchagua kati ya hayo matatu, kutegemea siku.

Akasema alinyamaza kwa sababu alifurahi nilipomkataza. Kung'oa wavu kulikuwa mateso—mgongo, vumbi, vidole kubanwa. Nilipomwambia asifungue, alishuka ngazini akaenda kulala kivulini. Mwaka wa pili alisikia mlio. Mashine ililia kitu kama mluzi upande wa kushoto. Akajiambia Bwana Tundu kasema tusifungue, Bwana Tundu amesoma. Akanishika kidevu akanigeuza upande.

"Wewe ulinikataza, mimi nikakubali upesi. Sasa unataka nikusamehe ili nibaki na langu peke yangu? Tulia, nisikukate."

Nilianza kulia. Alifuta sabuni na machozi kwa taulo lilelile, bila kutenganisha.

Nikamweleza kuhusu paneli mpya, kwamba hazifunguki kabisa. Hapo ndipo mkono wake ukasimama. Akauliza mhandisi nani. Nikamwambia. Akakaa chini kwenye kiti cha dada yangu, wembe mkononi, povu likamdondokea gotini.

Akasema kwake yeye hakuna cha kuungama, yeye alikuwepo. Nimwambie ambaye hakuwepo.

Alinyoa nusu tu. Nimebaki hivyo. Dada yangu kaniona kacheka mpaka kashika ukuta, halafu akaacha ghafla.

Jumatano, 12 Machi

Binti yangu hakuja. Yuko machimboni, wanafunga. Nimemwachia ujumbe kwa dada yangu: aje kesho, kabla ya kwenda kazini. Dada yangu kampigia, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba baba yako ananyolewa nusu nusu, njoo umalizie.

Pumzi fupi. Penseli nzito.

Alhamisi, 13 Machi

Alikuja asubuhi, buti za tope kaziacha mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno, kama kawaida yangu. Nikayaacha.

"Fundi hakuzembea. Nilimkataza mimi kufungua."

Hakuketi. Nilitazamia kilio, au matusi, au aniambie nina homa. Aliuliza kama mhandisi anavyouliza. Nilimkataza mpaka lini? Mpaka nitakapomwambia. Nilimwambia? Sikumwambia. Na kwenye kikao? Nikamweleza kuhusu ile sentensi.

Kile kipande cha paneli kilikuwa mezani, dada yangu alikuwa amekiwekea bilauri. Akaiondoa bilauri, akakigeuza, akatazama upande wa chini. Akatazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, pale patakapogandishwa.

Hakunitazama. Sijui kama atanitazama tena.

Ametoka na simu. Yuko kwenye ujia, nyuma ya ukuta huu. Naandika huku namsikiliza. Ameweka simu kwa sauti kubwa, anaongea huku akitafuta kitu kwenye mkoba—nasikia karatasi.

Kamwambia msimamizi asiwashe kesho. Msimamizi anasema mbona tayari, mhandisi? Walimaliza kufunga jana jioni. Wameona wasipoteze siku. Inafanya kazi tangu alfajiri, inapeta kokoto kama ngoma, kila mtu kaja kuitazama. Anampongeza!

Binti yangu anasema zima. Msimamizi anacheka, anauliza kuna nini. Anasema tena zima, na mtu yeyote aliye mferejini atoke. Msimamizi sasa hacheki. Anasema mhimili ni mpya—na kweli ni mpya—hautakatika leo. Anasema lazima aongee na mkubwa wake kwanza. Asubiri kidogo.

Geti limelia. Ndala zinaburuzika. Spana—si Ijumaa, lakini nusu ya uso bado anaidai. Beseni limegonga mlango.

Binti yangu hajamwamkia. Nangoja amwamkie. Hata akiwa na hasira hakosi.

Dada yangu kafunga bomba jikoni. Kila mtu anasikiliza.

Binti yangu anamwambia Spana: "Nikupe wembe nikupeleke machimboni, utakuja?" Spana anauliza wembe wa nini. Wa kukata mpira, anasema. Yuko tayari kuupasua. Halafu, taratibu, kwa sauti ya alipokuwa mdogo akiniuliza hesabu, anamwuliza yeye, si mimi: "Ingekuwa wewe, baba, ungeanza kufungua wapi?"

Nasikia Spana akiweka beseni chini.

Simu bado iko wazi. Msimamizi hajarudi. Ndani yake, kwa mbali, naisikia mashine. Mlio mfupi, mkavu, safi. Bado inacheza.