Sare Zimebana, na Kwaya Imeninunia

Shangazi mpendwa, nisaidie maana hata chakula hakipiti. Mimi ni fundi cherehani, niliishonea kwaya ya mtaa wetu sare thelathini, na kwa miezi miwili walikuwa wakija kwangu wakitoka kazini, wanapimwa huku wanataniana, chumba kinajaa vicheko, mpaka nikaanza kujiona mmoja wao japo kuimba sijui hata kidogo, basi kazi ikaisha, wakavaa, wakapendeza, wakasaini kwamba wameridhika, kumbe siku ya tamasha walipovuta pumzi waimbe vifungo vikaanza kufyatuka, sauti zikakatika, ukumbi mzima ukacheka. Kosa ni langu, niliwapima wamesimama kimya, na mtu akipimwa hubana tumbo. Mwalimu wao akaja na sare mkononi, akaniambia, "Dada fundi, hizi ni nguo za kupigia picha, si za kuimbia." Nami badala ya kumsikiliza nikamtolea karatasi. "Si mlisaini? Kazi ilishakwisha, mwalimu." Akaikunja sare taratibu, akaondoka. Sasa wanaimba na nguo zao za zamani, hakuna anayepita kwangu, na kila jioni nafunga mapema nikasimame nje ya dirisha la chumba chao cha mazoezi niwasikilize. Nawakumbuka mpaka machozi yananitoka. Nifanyeje?

Fundi wa Kona

Fundi wa Kona, pole sana, upweke huo naujua. Lakini acha nikuseme kidogo. Mtu amekuja kukwambia hapumui, wewe unamwonyesha karatasi? Walisaini wakiwa mbele ya kioo, bibie, hakuna aliyekuwa anaimba hapo!

Kesho jioni watakuwa mazoezini tena, sivyo? Achana na dirisha, piga hodi mlangoni. Omba radhi mbele ya wote, si kwa mwalimu pembeni, maana waliaibika wote. Neno "lakini" liache nyumbani. Kisha nyamaza, kila mtu atoe dukuduku lake, hata yule atakayerudia mara tatu. Wakimaliza, waombe waimbe wimbo mzima, wewe upite katikati yao na futi, upime vifua vikiwa vimejaa. Fumua, ongeza kitambaa, taja siku ya kumaliza na uitimize.

Usitegemee watakurukia shingoni. Wengine watanuna wiki nzima. Waache wanune, ilimradi wewe uwe umekaa nao humo humo ndani.