Mkasi Mwishoni mwa Santuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia linapanda ngazi huku limenuna, nikakusihi umwone daktari, ukanijibu kwamba daktari naye ana magoti yake. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu, na mjukuu wako ameota meno mawili anayoyatumia kung'ata kila kitu isipokuwa chakula.

Najua ukiona barua ndefu utasema huyu kanunua tena. Ni kweli, nimenunua. Husemi kila siku kwamba watoto wa wenzio wanakusanya stempu, wa kwako anakusanya waongo? Siwezi kubisha. Kabati langu limejaa santuri za wanamuziki ambao hawajawahi kuzaliwa. Yuko mpiga tarumbeta kipofu aliyekuja kugundulika kuwa ni karani wa posta mwenye macho mazima kabisa. Nawapenda hao. Mtu anayetunga uongo mpaka akauchapia jalada amejitahidi kuliko wengi wetu tunaosema kweli kwa uvivu.

Safari hii nimempata Binti wa Kisiwani. Wakusanyaji wenzangu wamemtafuta miaka na miaka. Ni yule msichana mrembo aliyeuzwa kama binti mfalme kutoka kisiwa cha mbali. Siku ya onyesho kanda ilikwama, naye akaendelea kufungua mdomo jukwaani bila sauti kutoka, ndipo watu wakajua kwamba anayeimba ni mwingine. Kampuni ikakusanya santuri zote ikazivunja, na mwimbaji wa kweli hajajulikana mpaka leo. Mimi nimeikuta moja kwa fundi wa redio, jalada na vyote, imetiwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Nilijikaza nisiruke.

Nikaiosha, nikaiweka Jumapili mchana. Mama, ile sauti! Haina haraka. Inalikalia neno kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake. Mkweo alisahau pasi ikaunguza shati langu. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, fundi mitambo wa studio bila shaka alichelewa kuzima kinasa sauti, maana baada ya kimya kidogo mwanamke yule akauliza, kwa ukali ninaoujua tangu tumboni, nani kachukua mkasi wake tena, na kwamba hata wakiuficha ataupata.

Nikakaa sakafuni. Mkweo alianza kucheka, halafu akaona machozi yangu akaja kukaa kando yangu.

Ni wewe, Mama. Wewe uliyetuambia sauti yako ni ya kufukuzia kuku, na kila tulipoanza kuimba ukatoka nje. Nikalitazama jalada upya, nikaona gauni la yule msichana lina mabega yaliyoshonwa vilevile kama mashati ya shule uliyokuwa ukinishonea. Nadhani uliitwa kumshonea, wakakusikia ukiimba kazini. Yaliyofuata unayajua mwenyewe.

Sasa nikuambie nililofanya. Wenzangu walikuja kuisikiliza, wakaja na mtangazaji anayeandaa kipindi kuhusu Binti. Alisema atakayemtaja mwimbaji atakuwa amefumbua fumbo lililotushinda sote. Ulimi uliniwasha, Mama, sikufichi. Nilitaka kusimama juu ya kiti. Lakini umelinyamazia jambo hili maisha yangu yote, nami sijui kama ni kidonda au lilikuchosha tu. Kwa hiyo wimbo wa mwisho ulipokaribia kuisha niliinua sindano, nikawaambia mwisho wake umekwaruzika. Waliondoka wamenuna. Mwanao amekusanya uongo wa watu hadi kabati halifungi, na huo ndio wake mwenyewe wa kwanza wa maana.

Jumamosi ninakuja nayo. Ukitaka watu wajue, mtangazaji nitamwita mimi, na nitasimama nyuma ya kiti chako nikitanua kifua. Usipotaka, itarudi kabatini na mdomo wangu utafungwa nayo. Wewe ndiye mwenye sauti. Ninachokuomba ni kimoja tu: kwanza tuisikilize, mimi na wewe, mpaka kwenye mkasi.

Pokea salamu za nyumba nzima. Mjukuu wako alikuwa akilia tangu asubuhi kwa ajili ya hayo meno. Nimemwekea Binti wa Kisiwani, sasa amelala. Hajui ni bibi yake.

Mimi mwanao akupendaye,
Mkusanya waongo