Chupa Ulizoacha Nyuma ya Banda

Baba Neema,

Usidhani nakuandikia kwa sababu nimekukumbuka. Nataka tu ujue tulichozifanyia chupa zako.

Tulipooana, wewe na mimi tulikaa migombani tukiosha chupa za asali ya mizinga aliyokuachia baba yako. Ulitia majivu, changarawe na maji ya moto, ukaziba mdomo wa chupa kwa kiganja, ukatikisa mpaka kioo kikang'aa. Kisha uliiinua juani ukanichungulia. "Mke wangu, mbona umekuwa wa kijani?" Nilikupenda sana siku zile, nakiri.

Baadaye chupa zile zile ukazijaza gongo. Ukimaliza unazitupa nyuma ya banda la ng'ombe, zikashiba tope na vipisi vya sigara. Nikikuomba uziokote unajibu, "Hiyo kazi yako. Kwani unajua nini kingine?"

Nilivumilia mpaka siku ya kipaimara cha binti yetu Neema. Kanisani mtoto aligeuka mara kwa mara kukutafuta mlangoni. Tuliporudi nyumbani tukakuta banda tupu. Ndama aliyelelewa na Neema mwenyewe ulikuwa umempakia garini, umehamia Tarakea kwa yule mwanamke wako. Wageni walikula. Neema alikaa na gauni lake jeupe, hakugusa kitu.

Aliyeanza na chupa ni mama yako. Asubuhi moja alichukua beseni akaenda nyuma ya banda.

"Mama, acha, utajikata," nikamwambia.

"Uchafu huu nimeuzaa mwenyewe, Mama Neema. Lete majivu."

Tuliziloweka, tukachokonoa vipisi kwa waya, tukakwangua ukoko uliogandia ndani. Harufu ilikuwa yako kabisa. Nilizitikisa kana kwamba nimekukaba shingo, na sitakudanganya, nilisikia raha. Mama yako alikuwa akizipokea na kuzisuuza.

Sasa mizinga tunaitunza sisi, na asali yetu inauzwa Moshi mjini na huko huko Tarakea. Nimesikia mwanamke wako alikuwa mteja wetu kabla hajakufukuza. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwezi uliopita binamu yako alikuja na isale mkononi, shina na majani yake, akasema unaomba msamaha na unataka kurudi. Ulijua unachofanya. Huku kwetu anayeletewa isale hakatai; akikataa, ukoo mzima unamshangaa. Ulidhani umenibana.

Sikulikataa. Nililipokea kwa mikono miwili mbele ya shahidi wako, nikampa mama yako.

"Mwambie limefika," akamwambia binamu yako. "Mwambie na hili pia: kihamba, shamba hili la ukoo, nimeshampa Neema, na wazee wa ukoo walikuwepo."

Kisha tukashuka watatu hadi mpakani, penye masale yanayotenga shamba letu na njia. Palikuwa na pengo. Neema alichimba, mimi nikashika shina, mama yako akashindilia udongo kwa kisigino, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Limeshika vizuri, limetoa jani jipya. Nimekusamehe, Baba Neema, kama mila inavyotaka. Lakini ukija utalikuta limesimama pale, na wewe utakuwa upande wa njiani.

Baki huko huko.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Neema